Adabu Mbele ya Wageni

Habari ya msiba ilimfikia Nyanzala akiwa kikaoni, na kwa kuwa kikao kilikuwa cha watu wazito, alikaa nao hadi mwisho. Simu ilitetemeka mapajani. Alisoma ujumbe wa shangazi yake, akaigeuza simu kifudifudi, akaendelea kuandika yaliyokuwa yakisemwa. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri. Mezani walikuwa wakibishana kama neno "utulivu" litangulie neno "maji" katika utangulizi wa mkataba mpya, au lifuate. Nyanzala aliandika hoja za pande zote mbili kwa mwandiko uleule usiotetereka. Ndivyo alivyolelewa. Mbele ya wageni mtu haonyeshi panapomuuma.

Watu walipotawanyika, Dkt. Mkwizu, mkurugenzi wa Taasisi ya Ujirani, alibaki akimtazama.

"Una nini leo?"

"Baba yangu, Daktari. Hatunaye tena."

Mkwizu alivuta kiti akakaa karibu naye, akamshika mikono yote miwili. Hakuwa mwanamke wa kujifanya. Mdogo wake wa mwisho aliuawa katika vurugu za bwawa la Luhombe, na tangu siku ile, kwa kila karatasi aliyoiandika, kila waziri aliyemfuata hadi kwenye korido za hoteli, alikuwa akihangaikia jambo moja tu, kwamba mama mwingine asizike kijana kwa sababu ya maji.

"Pole sana. Mnazika lini?"

"Kesho mchana."

"Na mtani wake ni nani?"

Swali hilo lilimshtua Nyanzala kuliko pole. "Bi Msegu. Yuko ng'ambo."

Mkwizu aliisogeza kando rasimu ya mkataba. "Basi nisikilize, na ukikataa sitakulaumu hata chembe."

Kwa Wanyasinde, watu wa kina Nyanzala, mtu akifa mzikaji wake ni Mbeho, mtani wake kutoka ng'ambo ya mto. Hamziki kwa jembe tu, humzika kwa mdomo. Mbeho huvaa koti la marehemu, huiga mwendo wake, huwatukana wanaolia kwamba wanalia vibaya, na kabla jeneza halijashushwa huingia kaburini akalala, akalipima, akatoka akilalamika kwamba ni zuri mno kwa mtu wa aina ile. Hapo wafiwa hucheka. Wakishacheka ndipo hulia kilio kinachoshusha mzigo. Mbeho naye akifa, Mnyasinde huvuka kwenda kumlipizia. Nyanzala alikuwa mtoto mama yake alipofariki, na hakumbuki mahubiri wala nyimbo. Anamkumbuka Bi Msegu akiwa amelala kaburini na khanga ya mama, akipaza sauti kutoka chini: "Huyu alikuwa mrefu wa mdomo tu, kiwiliwili kinatosha hapa na nafasi inabaki!" Nyanzala alicheka hadi akaanguka, na kutokea pale akaweza kula.

Hayo yalikuwa kabla ya Mstari.

Mstari ulitoka kwenye Mizani, na Mizani ilikuwa mali ya Taasisi. Mashine ile haikusikiliza maneno peke yake. Ilipima kimya kati ya swali na jibu, ikahesabu watu wanakatizana mara ngapi, nani anamcheka nani, nani anamtaja mtoto wa mwenzake kwa jina. Watu wa nyumba moja hukatizana hovyo, ilhali wageni hupokezana maneno kwa zamu. Ilijaribiwa katika nchi nyingi na ilikosea kwa nadra. Walipoipeleka Luhombe baada ya mauaji ya bwawani, watafiti wakaketi na watu wa kingo zote mbili wakiwauliza wanavyoishi na majirani zao, alama za ukaribu zikatoka chini kiasi kwamba mafundi waliifungua mashine kuikagua. Ilikuwa nzima.

Nyanzala alisikiliza sauti zile mwenyewe. Alimsikia Bi Msegu akisema, kwa sauti ya mtu aliyevaa viatu vipya, "Tunaishi nao vizuri, hatuna neno nao." Ilimuuma. Alidhani damu ya bwawani ndiyo imeuzima utani, basi akaandika alichokisikia: "Jamii hizi mbili zinaheshimiana, lakini hazina mafungamano." Sentensi hiyo iliingia kwenye ripoti. Kutoka kwenye ripoti ikaingia kwenye semina, kutoka kwenye semina ikaingia kwenye hotuba ya waziri aliyedhani ameitunga yeye, na mwishowe ikakaa kwenye utangulizi wa Mkataba wa Kingo, uliotiwa saini na serikali mbili mbele ya wafadhili. Kutoka kwenye kompyuta yake hadi mtoni haukupita hata muda wa mimba moja. Kama hawana mafungamano, walisema wakubwa, kuwatenganisha hakumpotezei mtu kitu. Mto ukafanywa Mstari, na kuvuka kukapigwa marufuku. Milingoti ikasimikwa kando ya maji, yenye masikio, na kila neno la uadui lililorushwa ng'ambo likawa linapunguza mgawo wa maji wa upande ulioropoka.

Na mauaji yalikoma. Hilo lazima lisemwe, maana ni kweli.

"Unajua malalamiko yaliyobaki ni ya mazishi tu," alisema Mkwizu. "Watu wanasema hawana wa kuwazika. Tumetengeneza kivuli. Kina sauti ya mtu na sura yake, kutoka kwenye kumbukumbu za Mizani. Bi Msegu tunaye. Anaweza kusimama pale kesho."

"Na keshokutwa Baraza linakaa kuujadili mkataba."

"Keshokutwa linakaa. Sikufichi. Litashauri mkataba uongezwe, safari hii bila kikomo. Mfiwa mmoja akisema huduma imemtosha, hoja ya mazishi imekwisha. Ukisema haikutosha, nitalisoma hilo pia, neno kwa neno."

Nyanzala alijua Mkwizu angelisoma. Alijua pia kwamba baba yake, bila kivuli, angezikwa kimyakimya kama mtu aliyeokotwa njiani.

"Nipe," alisema.

*

Shangazi Tunu alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, miguu ameinyoosha, macho yamevimba. Koti la kahawia la marehemu lilining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, mahali ambapo koti la marehemu huwekwa likimsubiri mtani. Mtu yeyote wa pale angejua kwamba haliwezi kuvaliwa na Mnyasinde. Lilikuwa limepigwa pasi.

Nyanzala alimwinamia, wakalia pamoja kidogo, kisha akaweka sanduku la Taasisi pembeni. Lilikuwa na ukubwa wa begi la shule.

"Humo mna nini, mwanangu?"

"Bi Msegu, shangazi. Yaani sauti yake na sura yake. Atasimama kaburini atuzikie."

Shangazi alilitazama sanduku kwa muda. Alifungua mdomo, akaufunga, akavuta khanga mabegani.

"Walimrekodi lini?"

"Wakati ule wa utafiti. Wale wageni waliokuja na Mizani."

"Aa," alisema shangazi. "Wakati ule." Akalipangusa sanduku vumbi kwa ncha ya khanga, kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni mizigo. "Haya. Wewe ndiye msomi wetu. Kama wenzio wameona inafaa, itafaa."

Nyanzala aliona kuna neno limemezwa pale. Aliona, ila msiba ulikuwa na kazi nyingi, na kuna wageni walikuwa wanaingia na hawajapata pa kukaa.

*

Kaburi lilichimbwa kwenye mwinuko unaotazama mto. Mzee Kadelya, baba yake Nyanzala, alilichagua mwenyewe, siku alizoanza kukohoa, akisema anataka kuona Wabeho wanavyolima vibaya. Kutoka pale mto ulionekana wote, mwembamba wa kiangazi, na ng'ambo yake mchanga mweupe na matete. Milingoti ilisimama kwenye kingo zote mbili, kimya.

Watu walijaa. Sala ilisomwa. Kisha ukafika ule muda ambao jeneza huwekwa chini kando ya shimo na kila mtu hurudi nyuma hatua kumpisha mtani. Walirudi nyuma. Mazoea ya miili hayafutwi na mkataba. Nyanzala akafungua sanduku.

Bi Msegu alisimama kando ya kaburi, akiwa wa mwanga. Kina mama walishusha pumzi. Alikuwa ni yeye hasa, na lile pengo la jino, na ule mkono mmoja kiunoni. Wazee wawili walianza kutabasamu kabla hajasema lolote, wakijiandaa kutukanwa.

"Ndugu zetu Wanyasinde," kilisema kivuli, "tumepokea kwa masikitiko taarifa ya kuondokewa na mzee wetu Kadelya. Alikuwa jirani mwema. Tuliishi naye vizuri, hatukuwa na neno naye. Tunawaombea subira."

Upepo ulipita kwenye majani. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelia. Watu walisimama wakitazama chini kama wanafunzi waliochelewa. Kivuli kilingoja, kikaona kimya kinazidi, kikasema tena, kwa upole uleule, kwamba kinawaombea subira.

Nyanzala alipiga magoti kuligusa sanduku. Alidhani limeharibika. Alitafuta namna ya kuongeza ukali, akakumbuka kwamba kivuli hakiongezewi namna ya kusema ambayo mwenyewe hakuitumia. Hivi ndivyo Bi Msegu alivyokuwa ameongea. Hivi tu.

"Kizime, mwanangu," alisema Shangazi Tunu nyuma yake. "Si kosa lake. Tulimwambia aseme hivyo."

"Nani alimwambia?"

Shangazi alilitazama jeneza kabla ya kujibu, kana kwamba anaomba ruhusa. "Baba yako. Wageni wale walipokaribia kuja, alisikia ni ofisi yako. Alipita nyumba kwa nyumba. Akavuka mto, wakati ule kuvuka bado ni ruksa, akawakusanya Wabeho wote. Akawaambia, jamani, mwanangu yumo kwenye kazi hii, wakubwa zake wanakuja. Nawaomba siku hizo mbili tatu tuache upuuzi wetu. Tusitukanane mbele ya wageni, wataona mwanangu katokea kwa wahuni. Msegu alimcheka hadi akakaa chini. Lakini akakubali. Wote tulikubali. Tuliongea kwa zamu kama tuko kanisani."

Nyanzala alibaki amepiga magoti. Alimwona baba yake kwa macho ya moyo, amevaa lile koti, anachechemea kutoka mlango hadi mlango akiwaomba watu adabu kwa ajili yake. Na adabu ile ikaenda kwenye Mizani, ikapimwa, ikaonekana ni ubaridi. Naye mwenyewe, mtoto wa nyumba hii, aliyejua utani kwa kuucheka, aliisikiliza akaiamini mashine.

"Alijua?" aliuliza. "Baada ya Mstari. Alijua kilichotokea?"

"Alijua. Ndiyo maana hakukwambia. Alisema ukijua utaumia, na kazi yako nzuri itaharibika."

Wakati huo mtoto wa mtu alisema, "Tazameni ng'ambo."

Kilio kilikuwa kimevuka mto tangu jana, nacho hakiombi kibali. Kwenye mchanga mweupe, ng'ambo ya maji, alikuwa amesimama bibi mmoja peke yake. Kwa umbali ule sura haikuonekana, ila mkono mmoja ulikuwa kiunoni.

Hakupaza sauti. Alijua mlingoti ulio juu yake, alijua neno moja tu la utani lingewakatia wajukuu zake mgawo wa wiki nzima. Aliinama, akajishika goti la kulia, akaanza kutembea. Alichechemea. Hatua mbili, kisha mguu unavutwa. Hatua mbili, kisha anasimama, anakohoa bila sauti, anarekebisha kofia isiyokuwepo, anamwonyeshea kidole mtu asiyekuwepo kumkosoa jinsi anavyolima. Ulikuwa mwendo wa Kadelya, na majivuno ya Kadelya yote yalikuwa ndani yake.

Mzee mmoja aliguna. Mwanamke akaziba mdomo kwa kiganja na kicheko kikamtoka puani. Kisha wakacheka wote, kwa sauti ndogo iliyobanwa wakiiogopa milingoti, na ndani ya kicheko kile kilio kilianza, kile chenyewe. Shangazi Tunu alikaa chini mavumbini akalia akimtaja kaka yake kwa jina la utotoni.

Simu ya Nyanzala ililia. Alikuwa ameiacha wazi kwa ajili ya Taasisi, kwa mujibu wa makubaliano.

"Nyanzala, samahani kukuingilia," alisema Dkt. Mkwizu. "Naona picha za mtoni. Milingoti haisikii chochote, ila kuna mtu kwenye ukingo wa pili, na walinzi wananiuliza kama ni uchokozi. Yule bibi anafanya nini?"

Sasa Bi Msegu alikuwa amefika mahali palipo sawa kwenye mchanga. Alipapima kwa nyayo. Akalala chali, mikono kifuani.

Nyanzala alijua majibu yote mawili. Angeweza kusema bibi amechoka, amejilaza. Walinzi wangerudi kivulini, mkataba ungepita, bwawa lingekaa kimya, jina la baba yake lingebaki safi. Lingekuwa jibu la adabu. Akisema kweli, Mizani ingejifunza kutazama miili kama ilivyojifunza kusikiliza midomo, na pengine hata hiki kidogo Wabeho na Wanyasinde walichobakiwa nacho kingepigiwa hesabu na kuwekewa adhabu.

"Nyanzala?"

"Anampimia baba yangu kaburi."

"Sikuelewi. Kumbukumbu zetu zinasema hawa watu hawana mafungamano."

"Kumbukumbu zetu ni za uongo, Daktari. Baba ndiye aliyewafundisha waseme vile. Alitaka nionekane mtu wa maana mbele yenu." Sauti yake ilikuwa imepasuka na hakujitahidi kuiunga. "Walifanya adabu kwa sababu tulikuwa wageni. Hatukuona ukaribu wao kwa sababu mbele ya mgeni haukai nje. Na mimi nilikuwa nimeshakuwa mgeni, nikaandika ile sentensi."

Kwenye simu palikuwa kimya. Nyanzala alikisikiliza kile kimya kama Mizani ingekisikiliza, na hakikuwa cha hasira.

"Unajua mkataba ukianguka vijana watarudi bwawani," alisema Mkwizu hatimaye, taratibu. "Unajua nilimzika nani. Mama zao nitawaambia nini?"

"Sijui, Daktari. Ningekuwa najua ningekwambia. Bwawa litafutiwe mkataba wake wa maji, huo nitakaa nawe tuuandike hata mwaka mzima. Ila huu umesimama juu ya kitu ambacho hakikuwepo."

"Nikisoma hivyo, jina la baba yako litasomwa mbele ya serikali mbili. Watasema mzee mmoja wa kijijini alidanganya Mizani."

"Watasema."

"Na huduma? Lazima niandike jibu. Ilitosha?"

Nyanzala aligeuka. Kivuli kilikuwa bado kimesimama kando ya jeneza, kikipepesa, kikiwa na uso wa pole usiompa pole mtu yeyote. Alikizima.

"Haikutosha," alisema. "Waambie walinzi wamwache. Hana silaha, ana msiba."

"Nitawaambia," alisema Mkwizu, na kabla hajakata simu aliongeza, "Pole, mdogo wangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona usiku wake utakuwa mrefu.

Ng'ambo, Bi Msegu aliinuka kutoka mchangani kwa shida, mkono kwanza, kisha goti. Alijikung'uta. Aliutazama mchanga alipolala, akatikisa kichwa kwa dharau kubwa kuonyesha kwamba mahali pale ni pazuri mno kwa mtu yule, akaupiga teke. Wanyasinde walicheka tena, wakashika kamba, wakamshusha Kadelya. Nyanzala alitupa udongo wa kwanza na akalia mbele ya watu wote, wageni na wenyeji, mdomo wazi, bila kujifunika.

Alipoinua uso, Bi Msegu alikuwa anaondoka. Alichechemea kwa mwendo wa Kadelya mchanga wote hadi kwenye matete, akiwafanyia utani mpaka mwisho. Pale matete yalipoanza, akidhani haonekani tena, aliacha kuchechemea. Alisimama kidogo ameshika bua moja, kisha akaenda kwa mwendo wake mwenyewe, mwendo wa bibi mzee aliyefiwa.